Farasi, katani na jina la mchumba wa Zubeda

MASWALI YA WASOMAJI
Anajibu Mwalimu Bakari, Tanga

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Chuda, hapa hapa mjini. Nina jambo limenikaa moyoni. Binti yangu wa pekee, Zubeda, ameletewa posa. Aliyeposa ni Mchina, fundi wa mitambo bandarini, ukoo wake Ma. Kijana ana adabu, Ijumaa husali msikiti mmoja na wajomba zake Zubeda, na nguruwe hagusi. Mzito ni baba yake mkubwa, ambaye ndiye walii, kwani mume wangu ametangulia mbele ya haki. Kaambiwa barazani kwamba Ma kwa Kichina ni farasi. Akarudi kakasirika: "Nimwoze mtoto wa ndugu yangu kwenye ukoo wa farasi?" Kesho yake mtu wa pili akamwambia Ma ni kifupi cha Muhammad, na kila Mchina anayeitwa Ma ni Muislamu. Akatulia. Kesho kutwa mtu wa tatu akamwambia Jack Ma, yule tajiri, si Muislamu. Akakasirika upya. Mwalimu, tushike lipi? Ukoo huu shina lake ni wapi? Na wakijaliwa watoto, wataitwaje? — Mama Zubeda, Chuda, Tanga.

Marahaba, Mama Zubeda. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa kibarazani kwangu Ngamiani baada ya alasiri, na nikaona nisikujibu kwa mistari miwili. Posa haipendi kuwekwa. Tena jina hili nalijua tangu ujana wangu.

Wale watu watatu wa barazani wote wamesema kweli, isipokuwa yule wa pili kapitiliza mwishoni. Ma ni farasi. Ma ni Muhammad vilevile. Na wako akina Ma chungu nzima ambao hawajasali hata rakaa moja. Jina hili ni kama Mto Pangani. Ukisimama pale mdomoni, mbele ya kivuko, utaona maji mamoja. Lakini huko juu ni mito miwili, Kikuletwa na Ruvu, na haikutani mpaka Nyumba ya Mungu. Anayetaka kujua maji aliyoyateka yametoka upande gani hana budi apande juu.

Mwaka 1972, nikiwa na umri wa miaka 19, niliondoka Tanga kwenda Mlimba kutafuta kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Nikawekwa kwenye kikosi cha wapima ardhi, kazi yangu kubeba vigingi na kufyeka. Kiongozi wetu alikuwa mtu mfupi, mkimya, wenzake wakimwita Lao Ma. Hilo Lao si jina. Ni neno la heshima kwa mtu mzima, kama sisi tusemavyo Mzee. Angekuwa kijana wangemwita Xiao Ma, yaani Ma mdogo. Mzee Ma hakula jikoni pamoja na wenzake. Alikuwa na sufuria yake peke yake, na kuku alinunua mzima kwa wanakijiji akaniletea mimi nimchinje. Sikuelewa kwa nini mimi. Siku moja mnyapara akaniita kwa sauti, "Bakari!" Mzee Ma akageuka, akanitazama sana, halafu akaweka kiganja kifuani mwake akasema neno moja tu: "Musa."

Mpaka leo nikilikumbuka lile neno mwili unasisimka. Miezi miwili nilikuwa nikimchinjia kuku ndugu yangu wa dini bila kujua.

Jioni ile alivunja kijiti akaniandikia jina lake vumbini. Kwanza mwandiko wa zamani, mikato 10: juu shingo na nywele zake zinapepea, kando mgongo unaoshuka kuwa mkia, chini vidoti 4 kama kwato. Kisha mwandiko mpya, uliorahisishwa na serikali yao miaka ya 1950, mikato 3 tu, na vile vidoti 4 vimekuwa mstari mmoja. Akapiga mbio papo hapo alipochutama, mikono kama ameshika hatamu, nipate kufahamu. Farasi.

Kwa hiyo jambo la kwanza, Mama Zubeda, mwombe kijana aandike jina lake. Usimwombe kwa herufi zetu, bali kwa mwandiko wa kwao. Kichina hupambanua maneno kwa mpando wa sauti. Ma ya sauti ya juu iliyonyooka ni mama. Ma inayoshuka chini kisha ikainuka ni farasi. Ma inayokatwa kwa ukali ni kugombeza. Na Ma inayopanda ni kitani au katani. Hata mkonge wetu huu uliojenga Tanga, Wachina huuita *jianma*, katani ya upanga, kwa jinsi jani lake lilivyochongoka. Sasa basi, uko ukoo mwingine, mdogo, unaojiandika kwa hiyo Ma ya katani. Hao na akina Ma wa farasi hawana undugu wowote, ingawa kwenye pasipoti majina yao hayana tofauti hata ya nukta. Hata zile habari za barazani zisingefika mbali kama mtu angekuwa na karatasi yenye mwandiko huo mkononi.

Tuseme kaandika farasi. Tupande mto wa kwanza.

Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, China ilikuwa dola kadhaa zinazopigana. Katika dola ya Zhao alikuwapo mtu aitwaye Zhao She, na kazi yake ya kwanza haikuwa ya upanga bali ya kodi. Alikusanya kodi ya mashamba. Nyumba ya Mwanamfalme wa Pingyuan, nduguye mfalme, ikakataa kulipa. Zhao She akawahukumu kwa sheria wasimamizi 9 wa nyumba hiyo, wakauawa. Mwanamfalme akataka kumwua naye. Akamjibu: wewe ni mkubwa wa nchi, nyumba yako ikiidharau sheria, sheria italegea, sheria ikilegea nchi italegea, na maadui wakiingia huo utajiri wako utauweka wapi? Mwanamfalme akaingiwa na haya, akamsifu kwa mfalme, akakabidhiwa kodi ya dola yote. Mimi nimefundisha historia kwa miaka 31 na sijaona ukoo wenye mwanzo ninaoupenda kama huu.

Takriban mwaka 270 kabla ya Kristo, dola ya Qin ilizingira mji wa Yanyu. Majemadari wengine walimwambia mfalme njia ni ndefu, nyembamba, haiokoleki. Zhao She akasema vita vya mahali kama pale ni panya wawili ndani ya shimo moja: atashinda mwenye moyo. Akatoka na jeshi mji mkuu wa Handan, akapiga kambi karibu tu, akakaa siku 28 akijenga kuta kama mwoga. Jasusi wa Qin alipokuja, alilishwa vizuri akaachwa arudi kusimulia. Alipoondoka tu, jeshi likatembea siku mbili na usiku mmoja bila kupumzika, likashika kilima kabla ya adui, na Qin wakavunjika. Mfalme akampa Zhao She cheo cha Bwana wa Mafu. Tafadhali, hii si mafu ya maji mafu ya wavuvi wetu wa Sahare. Mafu ni mlima upande wa Handan, na kwa mwandiko wao neno hilo lina farasi mbele na kutiisha nyuma. Kizazi chake kikajiita Mafu, kisha kikadondosha *fu*, ikabaki Ma.

Mwambie basi Baba Mkubwa kwamba hapo hakuna mtu aliyefananishwa na mnyama. Ni cheo cha ushindi. Sisi wenyewe tuna akina Simba na akina Chui, na hatuwakatalii posa.

Lakini ukoo huu ulikaribia kufa ukiwa bado mchanga, na kilichouokoa ndicho hasa nilichotaka ukijue wewe uliye mama. Zhao She alikufa akaacha mtoto, Zhao Kuo, kijana aliyevijua vita vyote kwa kuvisoma na kuvizungumza. Mwaka 260 kabla ya Kristo mfalme akataka kumpa jeshi. Mama yake kijana akamwandikia mfalme: baba yake alipopewa zawadi aliwagawia askari, na siku ya kupokea amri hakuuliza tena habari za nyumbani, huyu zawadi anazileta ndani kwake, na kila siku anatafuta mashamba na nyumba za kununua. Usimtume. Mfalme akashikilia lake. Mama akasema: kama huna budi, basi akishindwa mimi nisihesabiwe pamoja naye. Mfalme akakubali. Huko Changping Zhao Kuo akauawa, na mwanahistoria wa kale Sima Qian ameandika kwamba watu wa Zhao walioangamia walizidi 400,000. Sheria ya zamani zile jemadari akishindwa vile ilikuwa kuadhibu nyumba nzima. Yule mama hakuguswa, kwa ajili ya lile neno alilolitanguliza.

Siku hizi Wachina wakimwona mtu hodari wa maneno asiye na vitendo husema anazungumza vita juu ya karatasi, na wanamsema Zhao Kuo. Kwangu mimi anayestahili kukumbukwa ni mama yake. Alimjua mwanawe, na hakumfunika.

Baadaye, enzi ya Han, tawi la ukoo lilihamishwa kutoka Handan kwenda Maoling, upande wa Fufeng, mkoa ambao leo ni Shaanxi, na akina Ma wengi wakiulizwa shina lao watakutajia Fufeng. Kwenye tawi hilo akazaliwa Ma Yuan, mwaka 14 kabla ya Kristo, jemadari aliyesema mwanamume afie vitani na arudishwe kafungwa kwenye ngozi ya farasi. Wachina humtukuza. Wavietnamu humkumbuka kwa jingine, kwani ndiye aliyezima uasi wa dada wawili wa ukoo wa Trung mwaka 43. Binti yake akawa malkia wa Han. Nitakachomletea Baba Mkubwa kutoka kwake ni barua aliyowaandikia watoto wa nduguye, waliokuwa na tabia ya kuwajadili watu: mkisikia kosa la mtu, iwe kama mmesikia jina la wazazi wenu, sikio lilisikie, kinywa kisilitaje. Kwao jina la baba halitamkwi ovyo. Naona hapo hatuko mbali nao, sisi ambao bibi zetu waliishi na waume miaka 40 bila kuwataja kwa jina, "baba Fulani" tu mpaka kaburini.

Sasa mto wa pili, nao ndio unaokuhusu zaidi.

Waislamu walifika China mapema, tangu enzi ya Tang, kwa bahari na kwa njia ya misafara. Bandari ya Quanzhou ina msikiti wa mawe ulioanzishwa 1009, umri wa kutosha kuyafanya magofu yetu ya Tongoni yaonekane kijana. Lakini waliokuja kwa wingi ni zama za Wamongolia, kati ya 1271 na 1368, watu wa Bukhara, Samarkandi na Uajemi, askari, mafundi, wahasibu, magavana. Mmoja wao ni Sayyid Ajall Shamsuddin Omar wa Bukhara, aliyepewa mkoa wa Yunnan mwaka 1274. Wamongolia walipoanguka na enzi ya Ming ikaingia, watu hawa walikuwa tayari wamezaa na Wachina, wamekula chakula cha Kichina, na sasa utawala mpya ulitaka kila mtu afanane na wenyeji, jina likiwa mbele. Jina la ukoo la Kichina kwa kawaida ni silabi moja. Utafanyaje ukiwa Muhammad bin Fulani? Unachukua silabi moja ya jina na kutafuta herufi ya Kichina inayolia hivyo. Muhammad kwa miandiko ya wakati ule aliandikwa kwa silabi kama *Ma-ha-ma*, na Ma ilikuwa tayari ukoo wa heshima wa miaka elfu na zaidi. Ikakaa kama kofia ya kushonewa. Kizazi cha Sayyid Ajall kupitia mwanawe Nasiruddin husimuliwa kwamba kililigawana jina la huyo mwana: wengine Na, wengine Su, wengine La, wengine Ding. Wako akina Sai waliotokana na Sayyid, na akina Ha waliotokana na Hassan. Ila Ma ikawashinda wote. Waislamu hawa, ambao leo huitwa Wahui, wana msemo kwamba Wahui 10, akina Ma 9. Ni msemo, si sensa, lakini hausemwi bure.

Ushahidi wa wazi kuliko wote umechongwa kwenye jiwe. Mwaka 1371, Kunyang huko Yunnan, alizaliwa mtoto akaitwa Ma He. Jeshi la Ming lilipoitwaa Yunnan alitekwa angali mdogo, akahasiwa, akapelekwa kumtumikia mwanamfalme Zhu Di. Mwanamfalme akawa mfalme, na mwaka 1404 akampa mtumishi wake ukoo mpya, Zheng. Ndiye yule Zheng He aliyeongoza misafara ya majahazi makubwa ya China mpaka pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1405 liliandikwa jiwe la kaburi la baba yake, lipo hadi leo, nalo linamtaja baba na babu kwa jina moja, *Hazhi*. Hebu litamke polepole, Mama Zubeda. Ni Haji. Mkalimani wake, Ma Huan, aliyeandika habari za safari zile, naye alikuwa Muislamu, Ma wa kwao mbali na Yunnan.

Nataka pia Baba Mkubwa amsikie Yusuf Ma Dexin, aliyezaliwa Yunnan 1794. Mwaka 1841 alishika njia ya Makka, akahiji, akafika Kairo, Istanbul na Yerusalemu, akarudi nyumbani kufundisha, na ndiye wa kwanza kuanza kuifasiri Kurani kwa Kichina. Aliuawa mwaka 1874 baada ya uasi wa Waislamu wa Yunnan kushindwa. Baadaye mwana mwingine wa Yunnan wa ukoo huohuo, Ma Jian, aliyekwenda kusoma Kairo mwaka 1931, akaifasiri yote. Msahafu wenye tafsiri ya Kichina unaochapwa Madina na kugawiwa mahujaji ni tafsiri yake. Muulize haji yeyote aliyewahi kulala jirani na mahujaji wa China huko Mina.

Hayo ni ya kujivunia, na kijana wako ana haki nayo kama ni wa mto huo. Kama ni wa mto huo. Kwani wenye jina Ma ni zaidi ya watu milioni 15, na Wahui wote kwa pamoja, wa kila jina, ni kama milioni 11. Piga hesabu mwenyewe. Jack Ma si Muislamu. Ma Ying-jeou, aliyekuwa rais wa Taiwani kuanzia 2008 hadi 2016, si Muislamu. Jina Ma peke yake haliwezi kumthibitisha mtu wala kumkataa. Hapa Tanga tunao akina Juma Wakristo na akina Joseph waliosilimu.

Basi muulizeni kama wazee wetu wanavyouliza kwenye posa yoyote. Muulizeni jina la dini. Wahui hupewa na imamu, ambaye wao humwita *ahong*, jina la pili wangali wachanga, Yusuf, Ibrahim, Fatuma, na hulitumia nyumbani na msikitini. Mzee wangu wa Mlimba alikuwa Ma kwenye karatasi na Musa kifuani. Kijana akilitaja bila kusita, mmesikia neno zito. Muulizeni anatoka wapi: akisema Ningxia, Gansu, Qinghai au Yunnan, huko ndiko Wahui wamejaa, na mji wa Linxia, Gansu, wao huuita Makka Ndogo. Lakini akisema Henan au Beijing msimtilie shaka, wapo huko pia. Muulizeni kama nyumbani kwao kuna kitabu cha ukoo, kiitwacho *jiapu*, kinachoorodhesha mababa kizazi baada ya kizazi. Familia nyingi huwa na herufi ya kizazi, ambayo ndugu na binamu wote wa rika moja huishiriki katika majina yao, hata mkubwa na mdogo katika ukoo wajulikane kwa kusoma tu. Hapa naomba mwe na huruma. Vitabu vingi vya namna hiyo vilichomwa kwenye Mapinduzi ya Utamaduni, kati ya 1966 na 1976. Kijana akisema kwao hakipo tena, msimwone mtu asiye na kwao. Huenda ni babu yake aliyekitia motoni kwa mkono wake ili watoto wapone.

Kuhusu watoto, mmebahatika, kwani desturi zote mbili zinakwenda njia moja. Mwanamke wa Kichina haachi ukoo wa baba yake anapoolewa, na kwetu Waislamu vilevile. Zubeda atabaki na jina la baba yake, Mungu amrehemu. Watoto ni wa ukoo wa Ma. Kwa mpango wao ukoo hutangulia, kwa hiyo mtoto atakuwa Ma Fulani kwao na Fulani Ma huku. Angalieni sana siku ya kuandikisha cheti cha kuzaliwa. Jirani yangu mmoja ana mjukuu ambaye baba yake ni Mchina wa ukoo wa Li. Karani akamwandika "Li" kama jina la kwanza na jina lenyewe la mtoto likawa la ukoo. Walisumbuka miezi 7 kulirekebisha. Andikeni kwenye karatasi nyumbani, lipi la mtoto na lipi la ukoo, mkamkabidhi karani mkononi.

Na siku kijana atakapokuja kuandika lile jina, mketisheni Baba Mkubwa karibu naye. Mwache aone kwato zile nne kwa macho yake.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Bagamoyo. Tulitembelea magofu ya Kaole tukaonyeshwa vipande vya bakuli za Kichina. Je, Zheng He alifika Bagamoyo?

Mwanangu, kumbukumbu za safari zake 7, kati ya 1405 na 1433, kwa pwani yetu hii zinataja Mogadishu, Barawa na Malindi. Bagamoyo haimo. Bakuli haihitaji Mchina wa kuileta. Kaure ilitoka viwanda vya China ikashuka Melaka, ikavuka mpaka India, ikachukuliwa na wafanyabiashara wa Ghuba na Uarabuni, na kwa upepo wa kaskazi ikafika kwetu; pengine mikono kumi imeishika kabla ya kukandikwa kwenye kaburi la tajiri wa Kaole. Ukija Tanga nenda Tongoni, kilomita 17 hivi kusini mwa mji. Kwenye nguzo za makaburi utaona matundu ya duara, ndimo zilimokaa bakuli za namna hiyo. Ila usikate tamaa na swali lako. Washomvi wa huko kwenu wako wanaosimulia asili yao ni Barawa. Kaa na wazee uwasikilize, uandike, ungali na macho ya kuandikia.

Shikamoo Mwalimu. Naendesha bodaboda Kange. Nina mteja Mchina. Kwenye simu anajiandika Wang Wei, kwenye risiti za kazini kwao Wei Wang. Ni mtu mmoja? Nimwite nani?

Marahaba. Ni mmoja. Wang ndilo la ukoo, lina maana ya mfalme, na ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote China. Kwao hukaa mbele. Kwenye karatasi za kigeni wengine huligeuza. Mwite Bwana Wang. Lakini kwa kuwa Wei nayo yaweza kuwa ukoo, muulize tu lipi ni la ukoo wa baba yake. Hatakasirika, wanapenda kuulizwa.